Mita Isemayo Kweli Nyumbani Tu

Athmani alikuwa fundi wa mita pale Kuze, Mji wa Kale, kazi ambayo ukimtajia mtu atakuuliza mara mbili. Watu wanamjua fundi redio, fundi friji, hata fundi wa kufuli za masanduku. Lakini huyu anayetengeneza vile vyombo ambavyo mafundi wenziwe hupimia umeme, huyo ni nani? Athmani hakuwa na shida ya kuwaeleza. Shida yake ilikuwa kuwavumilia wakishaelezwa, kwa sababu lazima atoke mmoja aseme, "Kwani mita nayo huharibika?"

Huharibika, bwana. Huharibika kuliko watu, na ubaya wake ni kwamba mita mbovu haikohoi wala haijilazi kitandani. Hukutazama usoni ikakutajia nambari.

Duka lake lilikuwa chini ya nyumba yake mwenyewe, mlango mmoja ukitazama uchochoro, na ndani meza ya mvule iliyojaa madoa ya lehemu. Juu ya meza ilikaa mita kubwa kama debe la biskuti, ya chuma cha kijivu, yenye uso wa kioo, mshale mwembamba, na katikati swichi nene ya kuzungusha, ya kuchagulia kiwango cha kupimia. Aliinunua ujanani kwa baharia wa meli ya Kigiriki, na tangu hapo kila mita iliyoingia duka lile ilipimwa kwa hiyo. Yake ikisema kumi na ya mgeni ikasema tisa, mgeni ndiye mwongo. Hakukuwa na rufaa.

Basi mwezi wa Julai, katika kipupwe, mita hiyo ikaanza kumwaibisha.

Aliyemletea habari ni Beryl, msimamizi wa karakana moja ya Kilindini inayotengeneza makontena ya baridi, yale yanayobeba samaki na maua. Mita za mafundi wake zote zilikuja Kuze kurekebishwa. Siku hiyo alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na mfuko mkononi, akasema kwa upole uliomuudhi Athmani kuliko matusi, "Mzee, hizi ulizotengeneza zimerudi zote zinasoma chini. Fundi wangu karibu aunguze mashine ya mteja."

"Haiwezekani."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Lete mita yako kwangu tuilinganishe na kisanduku changu. Kisanduku kinatoa volti kamili, nimetoka kukihakikisha. Zikikubaliana, nitatafuta kosa kwangu. Zisipokubaliana, mzee, sitaweza kukuletea kazi tena."

Na kazi ya Beryl ndiyo iliyokuwa kazi. Wateja wengine wa Athmani walikwisha kufa, au walikuwa wananunua vile vimita vya plastiki ambavyo vikiharibika hutupwa. Mwanawe Riyadh, muuza simu pale Mwembe Tayari, alikuwa na mtu aliyelitaka duka kwa ajili ya kuuza mabuibui. Riyadh hakuwa mtoto mbaya. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kula, na kila Ijumaa kabla ya kuosha mikono alisema, "Baba, si vibaya kupumzika." Athmani alikuwa amechoka kulisikia neno hilo. Ijumaa ya nyuma alimjibu mbele ya mamake, kwa sauti iliyosikika uchochoroni, "Siku mita yangu itakaposema uongo, kodisha duka. Hata hina ya kuuza mlangoni nitakuchanganyia miye!"

Aliweza kujitapa hivyo kwa sababu alijiona mzima. Ule ugonjwa wa viungo uliomkunja vidole ulikuwa umepungua tangu Ramadhani. Zamani kuizungusha ile swichi ilikuwa kazi ya kuuma meno. Sasa iliteleza kwa vidole viwili. Mtu ambaye vidole vyake vinarudi ujanani hapumziki.

Alikwenda Kilindini kwa tuktuk, mita imepakatwa na kufungwa kikoi. Ofisi ya Beryl ilikuwa na kiyoyozi kinachovuma mfululizo, na baridi yake ilimwingia Athmani mpaka kwenye magoti. Wakaunganisha waya. Kisanduku kikatoa volti kumi. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukasimama kwenye nane.

Athmani akazungusha swichi akairudisha. Saba na nusu. Akazungusha tena. Nane na robo. Mita nyingine za karakana zilizopangwa pale, ambazo hazijapitia Kuze karibuni, mpya na kuukuu, zilisema kumi.

"Mwendo," akasema Athmani, uso umemfura. "Tuktuk imeitikisa. Nipe siku chache."

Beryl akamtazama, kisha akaitikia. "Lakini zisizidi chache, mzee. Vyombo vyangu vinasubiri."

Akarudi nyumbani hajasalimia mtu njiani. Akaiweka mita mezani, na kwa kuwa hakuwa na kisanduku kama cha Beryl, ikambidi afanye jambo alilokuwa ameapa hatalifanya: akakitoa kwenye droo kile kimita kipya cha plastiki ambacho Riyadh alimpa zawadi, akakipangusa vumbi, akavilinganisha viwili hivyo kwenye betri moja. Vilikubaliana. Akajaribu betri nyingine. Vilikubaliana. Mita iliyokuwa ikibwabwaja uongo Kilindini, hapa nyumbani ilikuwa na adabu ya mwanachuoni.

Ukitaka kumtia fundi wazimu, usimpe chombo kilichokufa. Kilichokufa hufunguliwa kikafufuliwa. Mpe chombo kinachougua kwa watu na kupona kwake.

Alianza na waya za kupimia. Akazikunja, akazivuta, akazibadilisha. Akafungua mgongo wa mita, akapima rizista, vile vipande vidogo vinavyozuia umeme, moja moja, na zote zilikuwa sawa, isipokuwa moja iliyochoka kidogo. Akaibadilisha kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi, kisha akagundua kwamba haikuleta tofauti yoyote. Akarudia lehemu palipoonekana kufifia. Akasugua vishikio vya betri. Na kwa kuwa alikwisha kuisingizia tuktuk, akaona haki apate ushahidi: akampungia mkono dereva wa kwanza aliyepita, akapanda na mita mapajani, akamwambia ampeleke Bondeni na kumrudisha, apite penye mashimo.

"Penye mashimo, mzee?" dereva akauliza.

"Penye mashimo. Na usipunguze!"

Wakarushwarushwa mpaka kofia ya Athmani ikaanguka mara kadhaa. Akashuka Kuze mgongo ukimuuma, akaipima mita hata kabla ya kunywa maji. Ilikuwa sawasawa. Akaipiga meza ngumi, na ngumi ikamuumiza zaidi kuliko meza.

Mkewe, Bimdogo, alishuka na kikombe cha kahawa akamkuta kashika tama. "Baba Riyadh, hiyo imepigwa jicho," akasema. "Watu wameona weye wafanya kazi na uzee wako. N'takuletea ubani."

"Mama Riyadh, n'takuomba kitu kimoja. Usitie ubani mita yangu."

"Basi n'tafukiza duka tu."

"Wala duka!"

Akafukiza. Athmani akapiga chafya mpaka magharibi.

Kitu kimoja tu kilimpa tumaini, nacho kilimkera zaidi. Yeye alikuwa mtu wa kazi za alfajiri. Alipotoka msikitini alifungua duka kukiwa bado na ubaridi, akafanya kazi zake nzito kabla uchochoro haujaamka. Asubuhi moja, mara tu baada ya sala, aliipima mita kwa betri iliyosoma kumi jana, akaikuta inasema tisa pungufu. Akakimbilia bisibisi, akafungua mgongo, akawasha taa, akatafuta miwani, akaanza kupima hatua kwa hatua. Kwa muda alioutumia kufanya hayo, jua likaingia mlangoni, naye alipoangalia tena, mshale ulikuwa umesimama barabara kwenye kumi. Alibaki ameshika bisibisi hana pa kuitia. Alijua sasa kwamba ugonjwa upo na kwamba alikuwa akirekebisha mita za watu alfajiri kwa mita inayosema uongo alfajiri. Kwa nini, hakujua. Akaona aibu, na aibu ikageuka hasira, kwa kuwa hasira aliizoea zaidi.

Siku alizopewa zikaisha. Alirudi Kilindini na mita ileile, hana dawa wala sababu, akitegemea labda leo itaamka vizuri.

Haikuamka vizuri. Saba.

Mafundi wa Beryl waliokuwa ndani wakaona kuna shughuli za kufanya nje. "Nipishe nipate hewa," Athmani akasema, akaibeba mita yake akatoka nayo barazani, akaketi juu ya benchi kwenye jua, kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kumuuma kwa ile baridi na hakutaka mtu aone. Alikaa pale akiwatazama madereva wa malori wakigombana kuhusu foleni. Alifikiri juu ya mabuibui yakining'inia dukani kwake. Alifikiri kwamba atakuwa akishuka ngazi asubuhi na kukuta watu wakijaribu mitandio mbele ya kioo pale pale ilipokuwa meza ya mvule, naye ataulizwa, "Mzee, wamtaka nani?"

Baada ya muda Beryl akatoka, na si kwa kumfukuza. Alikuja na kisanduku chake mkononi na waya begani. "Mzee, hebu tujaribu hapahapa. Pengine umeme wa ofisini ndio unaosumbua."

Wakaunganisha. Mshale ukapanda ukasimama kwenye kumi.

Beryl akashusha kisanduku hadi tano. Mshale ukasema tano. Akapandisha hadi kumi na tano, mshale ukafuata. Wakainuka wote wawili kama waliokubaliana, wakaingia ofisini, wakaviweka vyombo mezani, wakangoja huku kiyoyozi kikivuma. Mshale ukaanza kulegea. Tisa. Nane na nusu. Nane.

"Mita yako haitaki baridi," Beryl akasema.

"Basi, umeona!" Athmani karibu acheke. "Mita nzima. Baridi tu!"

"Mzee." Beryl akakaa. Alikuwa binti wa rika la Riyadh, na macho yake yalionyesha kwamba neno linalokuja halimpendezi. "Kazi yangu yote ni baridi. Mafundi wangu wanapima ndani ya makontena yaliyoganda. Mita inayosema kweli juani tu itanisaidia nini? Kesho mchana gari linapeleka vyombo vyangu Nairobi, kuna kampuni huko itakayovirekebisha. Ukiitengeneza kabla ya hapo, niletee. Ikishindikana, usione vibaya."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomchoma Athmani njia nzima. Angalau mtu akikudhulumu unapata cha kusema.

Nyumbani hakwenda mezani. Alipanda ngazi moja kwa moja hadi jikoni, akafungua friji, akaanza kutoa vitu. Akatoa jagi la maji ya ukwaju, akatoa bakuli la mchuzi, akatoa samaki waliopakwa bizari, akavipanga sakafuni.

Bimdogo akatokea na taulo kichwani. "Yailahi! Wafanya n'ni?"

"Nataka nafasi."

"Nafasi ya n'ni?"

Akamwonyesha mita, imefungwa ndani ya mifuko ya plastiki isiingie umande.

"Chombo hicho kitiwe na chakula cha watu? Baba Riyadh, una akili kweli leo?"

"Sina. Nisaidie kutoa hii rafu."

Walisukumana na kugombana, lakini mita ikaingia, na mlango wa friji ukafungwa kwa kuegemezwa kiti. Athmani akakaa kwenye kiti hichohicho, mikono kifuani, mlinzi wa chombo chake. Bimdogo akasema mwenzake amerukwa na akili, akawapeleka samaki kwa jirani wasiharibike.

Sasa alikuwa na ugonjwa mkononi mwake. Hii ndiyo tofauti kati ya kukasirika ovyo na kukasirika ukiwa fundi: alipoitoa mita ikiwa ya baridi hakukimbilia rizista wala lehemu. Aliilaza juu ya meza ya jikoni, akafungua haraka kabla joto halijaingia, akafuata umeme kutoka waya unapoingia. Unaingia hapa. Sawa. Unafika kwenye swichi. Sawa. Unatoka kwenye swichi, na unapotoka umepungua. Akaipima tena. Umepungua. Akaishika tochi kwa meno, akainama mpaka miwani ikagusa shaba.

Ndani ya swichi kuna vijiulimi vya shaba vinavyogusana unapozungusha. Vikigusana sawasawa umeme hupita. Hivi havikugusana. Katikati yake kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kama mafuta yaliyoganda juu ya mchuzi wa jana. Akakichota kwa ncha ya bisibisi, akakisugua baina ya vidole. Kikayeyuka papo hapo. Akanusa.

Hakuna mtu aliyezaliwa Mji wa Kale asiyeijua harufu ile. Ilikuwa kwenye nywele za mamake, kwenye bawaba za milango yote ya nyumba, kwenye kufuli, kwenye chupa iliyo dirishani ambayo kila asubuhi ya kipupwe huamka imekuwa nyeupe na hutolewa juani iyeyuke. Mafuta ya nazi. Kukiwa na joto hukaa maji, shaba ikayapenya. Kukiwa na baridi huganda na kuvitenga vijiulimi.

"Bimdogo!"

Hakuwa amemwita mkewe kwa jina kavu tangu harusi ya Riyadh. Akaja mbio.

"N'nani aliyetia mafuta humu?"

Bimdogo akautazama ule weupe kwenye ncha ya bisibisi. Hakuuliza mafuta gani. "Ni miye," akasema.

Athmani akalipuka. Alisema yote aliyokuwa amemwekea Beryl, na tuktuk, na mtu wa mabuibui, na baridi ya Kilindini. Alisema mtu haendi kwenye chombo cha fundi na unyoya wa kuku kama anapaka bawaba. Alisema umeme si mlango! Alisema yeye amevunjiwa heshima mbele ya watoto wadogo, ameitwa mwongo, na kumbe adui yuko juu ya ngazi anapika pilau. Majirani walifunga madirisha, wengine wakayafungua. Bimdogo alingoja mpaka pumzi ikamwishia mumewe.

"Nalikusikia," akasema.

"Ulisikia n'ni?"

"Kila asubuhi. Miye niko juu nasoma uradi wangu, weye uko tini wazungusha ile swichi, na kila ukizungusha waguna kama mtu anyanyuaye gunia. Nikasema, mlango ukikaza hutiwa mafuta. Nikashuka siku ile ulokwenda mazikoni Majengo."

"Na hukuniambia!"

"N'ngalikwambiaje?" Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Kesho yake ulipanda ngazi mbio kama kijana, ukaniambia, Mama Riyadh, vidole vyangu vimepona. Ukanishika mkono, ukanifinya nione nguvu zake. Ulikuwa wacheka. N'ngalikwambiaje, Athmani?"

Hapo hasira ikamtoka Athmani yote kwa mara moja, na alitamani irudi, maana chini yake hapakuwa na kitu cha kushika. Alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vimejikunja vilevile kama mwaka jana, na vilevile kama mwaka juzi. Miezi yote hiyo alikuwa amemshukuru Mungu kwa uponyaji uliotoka kwenye chupa ya dirishani. Akaona huzuni ambayo mita haikuwa imempa hata iliposema saba.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi, na hakuna kitu kinachoudhi kama wepesi unaokuja umechelewa. Spiriti, mswaki mkuukuu, na subira. Alisugua kijiulimi kimoja kimoja mpaka shaba ikang'aa, akanyunyiza ile dawa ya dukani ya kusafishia swichi, akairudisha mita ndani ya friji, na Bimdogo, bila kuambiwa, akakiegemeza kiti. Walipoitoa ilikuwa ya baridi hata kuigusa taabu, na ilisema kweli.

Kisha akajaribu kuizungusha swichi. Ilikuwa imekaza. Ile dawa ilisaidia kidogo, lakini springi ya ndani ilitengenezwa kwa ajili ya mikono ya mabaharia. Alitumia mikono yote miwili, ikasogea hatua moja kwa mlio, na maumivu yakampanda mpaka kwenye kiwiko. Hakuguna. Alijua kuna mtu anasikiliza.

Asubuhi alipotoka na mita kwenye kikoi, alimkuta Bimdogo amesimama mlangoni, amevaa buibui lake la kutokea na viatu vya harusini.

"Wenda wapi?"

"Kilindini."

"Kufanya n'ni?"

"Miye ndiye niloharibu, na miye n'tamwambia huyo binti kwa kinywa changu. Asidhani mume wangu ni fundi mbovu."

"Si mahali pa wanawake wa heshima, kuna malori."

"Huyo Beryl si mwanamke?"

Wakapanda tuktuk, mita katikati yao.

Gari la Nairobi lilikuwa tayari uani, mlango wa nyuma wazi, na maboksi ya vyombo yamekwisha kupakiwa. Bimdogo aliingia ofisini, akatoa salamu kamili, akauliza hali ya Beryl, ya wazazi wake, ya watu wa kwao wote, kisha akaungama habari ya mafuta tangu mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama wima. Beryl alimsikiliza, mkono mdomoni. Alijitahidi asicheke na akafaulu karibu kabisa.

"Mama, asante kwa kunieleza," akasema. "Basi mzee, tuone. Tutapita nafasi zote za swichi, moja baada ya nyingine. Kisanduku ndicho kitakachosema."

Kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Wakangoja mpaka chuma kikawa baridi. Kisanduku kikatoa volti moja. Mshale ukasema moja. Athmani akaiweka mikono yote miwili juu ya swichi, akazungusha, ikasogea. Volti tano, tano. Akazungusha tena. Vidole vikateleza. Akavipangusa kwenye kanzu, akashika upya, akakaza meno. Swichi haikusogea. Akajaribu kwa kitambaa. Haikusogea. Jasho lilimtoka katika baridi ile, na wenziwe wakatazama kando kama watu wanaoona na hawataki kuonekana wanaona.

Beryl akanyoosha mkono. "Nikusaidie, mzee."

"Usiguse!"

Akaurudisha mkono haraka. Athmani aliona haya kwa ukali ule, lakini hakuomba radhi. Angeomba radhi sauti ingemvunjika. Alisimama akiutazama mshale uliokuwa ukingoja. Nje dereva alipiga honi kuuliza kama aondoke.

"Mama Riyadh," akasema mwisho, bila kugeuka. "Ndoo hapa."

Bimdogo akaja. Akapandisha mkono wa buibui, akaweka kiganja chake pale mumewe alipotoa chake. Chuma kilikuwa bado na joto la vidole vyake.

"Wapi?"

"Kulia. Hatua moja. Usikaze ghafla, vuta kwa polepole."

Ikalia, ikasogea. Kisanduku kikatoa kumi. Athmani akainama akasoma, "Kumi." Beryl akaitikia. "Tena," Athmani akasema. Hamsini. "Tena." Wakaenda hivyo, mmoja akizungusha na mmoja akisoma, na hapana hata nafasi moja iliyokosea. Kabla hazijaisha zote, Beryl aliinuka, akafungua dirisha, akampigia dereva kelele ateremshe maboksi, vyombo haviendi Nairobi.

Athmani alisikia maboksi yakiwekwa chini uani. Furaha ilimjia, na haya ikaja pamoja nayo. Hakuweza kuipokea moja akaiacha nyingine. Kazi alikuwa amebaki nayo, na chumba kizima kilikuwa kimeuona mkono wake. Hakumtazama mtu.

Bimdogo bado alikuwa ameshika swichi. "Yatosha?" akamuuliza kwa sauti ndogo. "Niiwate?"

"Bado," akasema Athmani. "Imebaki moja."

Bimdogo akazungusha, naye akainama kusoma.